Boila inafuata joto la nje, lakini nyumba inapoa nje ikiwa nyuzi 40 za Farenhaiti. Mstari wa riseti upangweje?

Mlezi_wa_Mabomba (Lowell, Massachusetts)

Wakuu, poleni na baridi. Naomba ushauri wa wanaozijua boila za maji moto zenye sensa ya nje, zile zinazopandisha na kushusha joto la maji kufuata hali ya hewa. Nyuzi zote ninazotaja ni za Farenhaiti kwa sababu ndizo zilizo kwenye skrini.

Jengo ni la mbao, sakafu tatu, familia tatu, kama yalivyojaa huku Lowell na Worcester. Boila ni ya gesi, ya kondensesheni (inavuna joto la mvuke ulio kwenye moshi), BTU 110,000 kwa saa (BTU ni kipimo cha joto), na moto wake unashuka hadi sehemu ya kumi. Vyumba vinapashwa na bezibodi za kawaida, yaani vipasha joto virefu vya chini ya ukuta: bomba la shaba la robo tatu ya inchi lenye mapezi ya alumini. Sakafu ya 1 na ya 2 zina zoni moja moja (sehemu yenye themostati na mzunguko wake wa maji), futi 60 za bezibodi kila moja. Ya 3 imegawanywa: sebule na jiko futi 46, chumba cha kulala futi 14 na themostati yake. Tenki la maji ya kuoga nalo linapashwa na boila hiyohiyo.

Hesabu ya upotevu wa joto ni kama BTU 25,000 kwa saa kwa kila sakafu, nje ikiwa 5 na ndani 70. Riseti, yaani mstari unaoiambia boila maji yawe na joto gani kwa kila joto la nje, ilivyopangwa na aliyefunga: nje 5, maji 165, nje 65, maji 75.

Shida ni mbili. Nje ikiwa 10 hakuna anayelalamika. Ikiwa 40 au 45, themostati zimewekwa 70 lakini vyumba vinakwama 66 au 67, pampu zikizunguka kutwa. Pili, chumba cha kulala cha juu kikiita peke yake, boila inawaka dakika chache, inazima, inawaka tena. Kuna anayenishauri nikate sensa na kufunga maji kwenye 180 basi. Mnasemaje?

---

FundiHidroniki

Mkuu, usikate sensa. Ukifunga maji kwenye 180 utakuwa na boila ya kondensesheni kwa jina tu. Mvuke ulio ndani ya moshi wa gesi asilia unaanza kugeuka maji pale maji ya kurudi yanaposhuka chini ya 130 hivi (54 za Selsiasi). Juu ya hapo mvuke unatoka dohani na joto lake, nawe unabaki na ufanisi wa asilimia 87 hivi. Yakirudi chini ya 100 unakaribia 95. Isitoshe, tangu Septemba 2012 sheria ya Marekani inataka boila mpya za gesi za majumbani ziuzwe zikiwa na njia ya kurekebisha joto la maji zenyewe kulingana na mahitaji. Kuikata ni kurudi nyuma.

Kosa lako liko ncha ya chini ya mstari. Aliyeupanga alichukulia kwamba maji yakipungua nusu, joto la bezibodi nalo linapungua nusu. Sivyo. Bezibodi haina feni. Inategemea hewa ipande yenyewe katikati ya mapezi. Maji yakipoa, mapezi yanatoa joto kidogo na hewa inapita polepole, kwa hiyo unaumia pande zote mbili. Kwa bezibodi kama yako, BTU kwa kila futi kwa saa ziko hivi, ukichukua wastani wa maji ya kwenda na ya kurudi:

180: 580
160: 450
140: 320
120: 205
110: 155

Sasa piga hesabu. Nje ikiwa 5 unahitaji 25,000 gawanya kwa futi 60, yaani 417 kwa futi. Hiyo inataka wastani wa 156. Ukiacha tofauti ya nyuzi 20 kati ya kwenda na kurudi, maji ya kwenda ni 166. Yako ni 165. Ndiyo maana wakati wa baridi kali hakuna kelele.

Nje ikiwa 40, mzigo ni 30 gawanya kwa 65, yaani asilimia 46 ya ule wa juu: BTU 11,500. Kwa futi ni 192, wastani wa maji 117. Pampu haijabadili mwendo, kwa hiyo tofauti ya kwenda na kurudi nayo imeshuka hadi nyuzi 9 hivi. Maji ya kwenda yanatakiwa 122. Mstari wako unatoa 112. Kwa maji hayo kila futi inatoa 146 tu, jumla 8,800. Umepungukiwa karibu robo ya joto, halafu unashangaa themostati haifiki!

Weka hivi: nje 5, maji 166, nje 65, maji 95. Ukipima katikati:

Nje 25: yanahitajika 142, mstari unatoa 142.
Nje 40: yanahitajika 122, unatoa 124 na kitu.
Nje 45: yanahitajika 115, unatoa 119.

Ziada ndogo ya siku za joto acha themostati iimalize. Na uone kwamba hata nje ikiwa 25 maji yanarudi 128, tayari uko kwenye kondensesheni. Hujapoteza kitu cha maana kwa kupandisha ncha ya chini.

Ila hesabu hizi ni za bezibodi inayopumua. Fungua kifuniko cha bati, tazama mapezi. Yakiwa yamejaa nyuzi za zulia na manyoya ya paka, au yamelala kwa kukanyagwa, yapige vakyumu na kuyanyoosha kwa kitana cha mapezi. Angalia pia kama zulia jipya limeziba nafasi ya chini ambako hewa baridi inaingilia. Hilo linapatikana sana kwenye nyumba za kupanga, na hakuna mstari wa riseti utakaolitibu.

---

Omu_Kumi

Kabla hujagusa namba hizo, hakikisha sensa inasema kweli. Boila inaamini chochote inachoambiwa.

Sensa nyingi za nje ni za kiloomu 10: zinasoma omu 10,000 kwenye nyuzi 77, na upinzani wake wa umeme unapanda kadiri baridi inavyozidi. Ichomoe kwenye boila, iweke ndani ya mfuko wa plastiki, izamishe kwenye glasi ya barafu iliyopondwa na maji kidogo, subiri itulie, upime kwa multimita. Kwenye 32 aina moja inayotumika sana inasoma kama 32,650. Kuna aina nyingine nayo inaitwa ya kiloomu 10 lakini kwenye barafu inasoma kama 29,500. Zote zinalingana kwenye 77, kwa hiyo ukizipima chumbani hutaona tofauti. Ukifunga ile ya pili kwenye boila iliyotengenezewa ya kwanza, boila itadhani nje kuna joto kuliko lilivyo na itashusha maji. Angalia mwongozo wa boila yako unataka ipi. Zipo pia za kiloomu 12 na 20.

Unyevu kwenye kiungo cha waya unafanya vivyo hivyo: upinzani unashuka, boila inaona joto lisilokuwepo.

Mahali pa kuifunga: ukuta wa kaskazini, juu ya kimo cha theluji, mbali na tundu la kikaushio cha nguo na mbali na mdomo wa dohani ya boila yenyewe. Usiiweke juu ya dirisha linalofunguliwa. Na jambo ambalo watu wengi wanalisahau: tundu la waya nyuma ya sensa lizibwe kwa silikoni au povu. Lisipozibwa, hewa ya moto ya ndani inapenya kwenye tundu na kuipasha sensa mgongoni. Waya wa nyuzi mbili wa geji 18 unatosha, ila usiupitishe sambamba na nyaya za volti 120.

Kwa dalili zako sidhani sensa ndiyo mkosaji, maana ingekosea ungelia hata nje ikiwa 10. Lakini ni kazi ndogo, ifanye.

---

Bwana_Kichomeo

Nakubaliana na FundiHidroniki kuhusu mstari. Mimi nigusie kuwaka na kuzima.

Boila yako haiwezi kuchoma chini ya BTU 11,000, na inayofika kwenye maji ni kama 10,400. Chumba cha kulala chenye futi 14, nje ikiwa 40, kinameza 2,700. Zinazobaki 7,700 zinaenda wapi? Zinapasha maji yaliyomo kwenye mabomba. Tuseme bomba la zoni hiyo pamoja na boila lina galoni 4. Kuzipandisha nyuzi 20 kunahitaji BTU 670 tu, na kwa ziada ya 7,700 kwa saa unafika ndani ya dakika 5. Kichomeo kinazima, maji yanapoa, kinawaka tena. Kila kikiwaka kinapuliza hewa kusafisha chumba cha moto kwanza, na hewa hiyo inabeba joto kwenda nje. Kiwashio na vali ya gesi navyo vinachakaa.

Angalia pia kwamba mstari mpya hauondoi shida hii. Unaipunguza kidogo tu.

Dawa ya bei nafuu kuliko zote: ondoa zoni ya futi 14. Iunganishe na sebule iwe zoni moja ya futi 60 kama sakafu nyingine. Nje ikiwa 40 sakafu nzima inameza 11,500, juu ya kiwango cha chini cha boila, na kichomeo kinakaa kimewaka. Kama mpangaji anang'ang'ania themostati ya chumbani, panga kwenye kisanduku cha zoni ili vali ya chumba ifunguke tu sebule ikiwa imeita.

Kama hilo haliwezekani, weka tenki la akiba. Kanuni yake: dakika unazotaka kichomeo kiwake, zidisha kwa ziada ya BTU, gawanya kwa 500 mara tofauti ya nyuzi unayoruhusu. Dakika 10 mara 7,700 gawanya kwa 10,000 ni galoni 7.7, jumla ya mfumo mzima. Tayari una 4 ndani. Tenki la galoni 10 au 15 linatosha na kubaki. Usiuziwe la galoni 50.

Kwenye menyu ya boila kuna namba mbili nyingine. Tofauti ya kuzima na kuwasha, ambayo kiwandani mara nyingi wanaiweka ndogo, ipanue hadi 15 au 20. Na kikomo cha moto wa kupasha nyumba: mzigo wako wote ni 75,000, boila inatoa kama 102,000. Ishushe hadi asilimia 80, lakini kikomo cha maji ya kuoga kiache kwenye 100.

Kuhusu tenki la kuoga: likiita, boila inaacha mstari na kupanda hadi 180 ili tenki lipashwe upesi. Ni sawa, ndivyo inavyotakiwa. Shida ni baadaye. Likitosheka, maji ya 180 yaliyobaki kwenye boila yanatupwa kwenye zoni iliyotaka 120, bezibodi zinalia kwa kutanuka ghafla. Washa ile kazi ya pampu kuendelea dakika 2 au 3 baada ya kichomeo kuzima, joto hilo liishie kwenye tenki.

---

Mlezi_wa_Mabomba (Lowell, Massachusetts)

Nashukuru sana wakuu, nimeelewa kwa nini 165 ilikuwa sawa na 75 haikuwa. Swali moja: wapangaji wanashusha themostati hadi 62 usiku na kuirudisha 70 saa kumi na mbili asubuhi. Kwa mstari huu mpya watafika lini?

---

Mtambo_Hamburg

Hawatafika mapema, ndugu yangu. Mstari uliopangwa vizuri unatoa joto linalotosha kufidia linalopotea, hauna ziada ya kunyanyua nyumba nyuzi 8. Ndiyo hasara pekee ya kupanga vizuri. Ama washushe nyuzi 2 au 3 tu usiku, ama waache ilipo. Maji yakiwa ya 120 na boila ikivuna joto la mvuke wa moshi, akiba ya kushusha sana usiku inaliwa na moto mkubwa wa asubuhi.

Boila nyingi za huko kwenu zina busti: themostati ikiita bila kutosheka kwa dakika 20 au 30, maji yanapandishwa nyuzi 10, kisha tena. Inasaidia asubuhi. Ila wakati wa kurekebisha mstari izime kabisa, kwa sababu inaficha makosa. Mstari ukiwa mbovu na busti ikiwa imewashwa, nyumba itakuwa na joto na gesi itakwenda bila wewe kujua.

Huku Ujerumani hatuandiki ncha mbili, tunaandika mteremko na kimo. Mteremko ni kiasi ambacho maji yanapanda nje ikipoa kwa nyuzi moja. Kimo kinanyanyua mstari wote kwa usawa. Sakafu zenye mabomba chini ya vigae zinataka mteremko wa 0.3 hadi 0.5, redieta za nyumba kuukuu 1.2 hadi 1.6 hivi. Lakini kanuni za kurekebisha ni zilezile popote ulipo:

Baridi siku za vuguvugu, sawa siku za baridi kali: pandisha kimo, punguza mteremko. Hiyo ni yako, Mlezi.
Sawa siku za vuguvugu, baridi siku za baridi kali: ongeza mteremko.
Baridi siku zote: pandisha kimo peke yake.
Joto siku za vuguvugu, sawa kwenye baridi kali: shusha kimo, ongeza mteremko.

Badilisha kidogo, mteremko 0.1 au kimo nyuzi 2 za Selsiasi, halafu usiguse kwa siku mbili. Kuta nzito haziamui kwa saa moja. Na vali za themostati kwenye redieta zifunguliwe zote wakati huo. Kama zimefungwa nusu, unapima vali badala ya kupima mstari. Kwa Mlezi maana yake ni kuweka themostati za ukutani 73 kwa muda, pampu zizunguke mfululizo, uone vyumba vinatulia wapi. Vikitulia 70 au 71 nje ikiwa 10 na tena nje ikiwa 45, mstari ni mzuri.

Sikubaliani kidogo na FundiHidroniki kwenye ncha ya 95. Ningeanza na 92 nipande, kwa sababu watu, majiko na jua vinachangia joto ambalo hesabu haijaliweka. Si jambo la kugombania.

---

FundiHidroniki

Sawa na 92, mradi zoni zote zina futi 60. Akiiacha ile ya futi 14 peke yake, abaki 95. Chumba cha pembeni chenye kuta mbili za nje hakina jiko wala watu mchana.

---

Pwani_Minneapolis

Nadandia uzi. Mimi nina boila ya chuma cha kutupwa, ya kawaida, moshi unapanda kwenye dohani ya matofali. Redieta ni zile kubwa za chuma. Naweza kufunga kidhibiti cha riseti cha nje nikatumia hesabu hizihizi?

---

Bwana_Kichomeo

Kidhibiti unaweza, hesabu hizi hapana, usizinakili.

Kile ambacho kwa Mlezi ni faida, kwako ni sumu. Maji yakirudi chini ya 130 kwa muda mrefu, moshi unatoa maji ndani ya boila yako, na maji hayo ni asidi. Boila yake imetengenezwa kwa chuma kisichoshika kutu au alumini na ina bomba la kutolea maji hayo, yako haina. Dalili utaziona: magamba ya kutu yanaanguka juu ya vichomeo, moto unageuka njano, chokaa cheupe kinatoka kwenye matofali ya dohani. Vipande vya chuma vinatoboka ndani ya misimu michache.

Njia rahisi: weka riseti yenye kikomo cha chini. Maji ya kwenda yasishuke chini ya 140 hata nje kukiwa na joto, na siku hizo kidhibiti kiwashe na kuzima kichomeo badala ya kushusha zaidi. Unaokoa kidogo lakini boila inaishi.

Njia nzuri: tenganisha boila na redieta. Boila ikae 150 na zaidi, kisha vali ya njia tatu yenye mota ichanganye maji yake ya moto na yale yanayorudi kutoka kwenye redieta, na kidhibiti cha nje kiiendeshe vali hiyo. Redieta zako kubwa zitafurahia maji ya 110 siku za vuguvugu. Zina maji mengi, zinapoa polepole, vyumba vinakuwa na joto la usawa.

Ila usifunge vali hiyo bila sensa ya pili kwenye bomba la kurudi, karibu kabisa na boila. Redieta zako zikiwa baridi asubuhi zina makumi ya galoni za maji ya 65. Vali ikifunguka yote kwa pupa, maji hayo yote yanaingia kwenye chuma cha moto kwa mkupuo. Kidhibiti chenye sensa hiyo kinaibana vali hadi kurudi kufike 135, halafu kinaifungua pole pole. Kama kidhibiti unachouziwa hakina sehemu ya kuunganisha sensa ya kurudi, mwachie muuzaji, au ongeza vali ya joto ya 130 inayojiendesha yenyewe kwenye bomba la kurudi.